Ng'ombe Akitupa Mimba, Nani Apewe Habari?
Mhadhara wa umma kuhusu Homa ya Bonde la Ufa



Kajaga, nchini Burundi, imekaa kati ya Ziwa Tanganyika na barabara ya Gatumba iendayo Uvira, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miaka ya karibuni ziwa limefurika hadi ndani ya nyumba za watu. Maji yaliyotuama, mbu, na barabara ya kuvuka mpaka: penye mifugo, mambo hayo matatu yakikutana, daktari wa mifugo hana budi kukaa macho.

Mwaka 2022 Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaoenezwa na mbu, iliwashika ng'ombe wa Burundi, hasa mikoa ya kaskazini, Rwanda nayo ikiuguza mifugo yake. Serikali ya Burundi ilisimamisha uuzaji, uchinjaji na usafirishaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Tangu Oktoba 2021 sheria ilikuwa imekwisha kutaka mifugo ifugwe zizini. Lakini zizi halimzuii mbu, na ng'ombe aliyeuzwa mnadani husafiri na virusi vyake.

Ugonjwa huu ulitambuliwa Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, miaka ya 1930. Mayai ya mbu aina ya Aedes, yakiwa tayari na virusi, hustahimili ukame ardhini kwa miaka. Mvua kubwa ikifurika mabondeni, yanaanguliwa. Wanakondoo hufa kwa wingi, na majike wenye mimba huzitupa karibu kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo mtu naye anapoingia hatarini. Mchungaji huvuta ndama mfu kwa mikono mitupu, damu ikamfika kwenye mchubuko wa kidole. Mchinjaji naye hupasua mzoga bila glavu. Wengi hupona baada ya homa ya siku chache, ila wachache hutokwa na damu, huvimba ubongo au hupofuka.

Kenya ilipata somo chungu mwaka 2006. Wataalamu waliosoma joto la bahari na picha za satelaiti walitoa tahadhari wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kuthibitishwa Garissa mwezi Desemba. Wafugaji wa Kisomali nao walikuwa wameona mvua isiyo ya kawaida, makundi ya mbu na mimba kutupwa. Hata hivyo hatua zilichelewa, na zaidi ya watu 150 walifariki nchini humo.

Australia, ilipovamiwa na mafua ya farasi mwaka 2007, ilisimamisha safari zote za farasi, ikachanja, ikafuatilia kila zizi lililoguswa. Kufikia mwisho wa mwaka ugonjwa ulikuwa umekomeshwa. Zuio lilisaidiwa na taarifa za wenye farasi.

Kwa hiyo hapa Burundi nako ufuatiliaji uanze kwa mfugaji. Kila kilima, yaani kitengo kidogo cha utawala, kiwe na mtu anayejulikana wa kupigiwa simu mimba mbili tatu zikitupwa kundini, naye afisa mifugo aje kuchukua damu ya kupima. Chanjo itolewe kabla ya masika, maana ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikichoma ng'ombe wengi huweza kuusambaza. Mfugaji aliyetoa taarifa afidiwe, kwani akiona jirani kapoteza kundi bila fidia, yeye atauza mgonjwa wake usiku. Burundi na Kongo nazo zipeane habari za mifugo siku ileile, kabla ng'ombe hajafika Gatumba.