Ufunguo wa Pili Unakaa kwa Nani?

Msikilizaji, umepanga chumba Manzese na mama mwenye nyumba anaishi humo humo. Jioni unarudi kazini, unakuta kitanda kimesogezwa. "Nilisikia dari linavuja, mwanangu, nikaingia." Pengine ni kweli. Ila Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake, na haimbagui mpangaji.

Kwa hiyo kabla hujalipa kodi ya miezi sita, uliza: ufunguo wa akiba unakaa kwa nani? Akitaka kuingia, atanipigia simu kwanza? Bomba likipasuka ni dharura. Kuja kuangalia kama una pasi ya umeme siyo. Yaandikwe kwenye mkataba, hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kwenu. Hasa akiwa wa kwenu!

Nawe mpangaji, sebule ya familia si yako. Ukiwa na mgeni wa kulala, bisha hodi useme mapema.

Mkishindwana, ofisi ya serikali ya mtaa ipo. Nenda na mkataba, majirani waache nyumbani.