Kila Dalili Ina Mahali Pake: Ubongo, Neva za Kichwa na Magonjwa Yake

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, yaani asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ambayo mwili unaihitaji. Ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86. Ubongo hauna akiba: damu ikikatika, seli hizo huanza kufa baada ya dakika chache.

Nje umezungukwa na mfupa wa fuvu. Chini ya mfupa kuna matabaka matatu ya utando, na kati ya tabaka la kati na la ndani hupita maji maangavu, mililita 150 hivi, yanayouwezesha ubongo kuelea usikandamizwe na uzito wake wenyewe. Maji hayo hutengenezwa ndani ya vyumba vya ubongo, karibu nusu lita kwa siku, kisha hufyonzwa kurudi kwenye damu. Njia yake ikiziba kwa mtoto mchanga, ambaye mifupa ya fuvu bado haijaungana, kichwa hupanuka. Huo ndio ugonjwa wa kichwa kikubwa. Tiba ya kawaida ni kuweka mpira wa kuyapeleka maji tumboni, nao ukiziba mtoto yumo hatarini. Mjini Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari wa upasuaji Benjamin Warf alionyesha kuwa watoto wengi wanaweza kutibiwa bila mpira huo, kwa kuyatobolea maji njia mpya na kuchoma sehemu ya tishu zinazoyatengeneza. Mbinu hiyo iliyokuzwa Afrika Mashariki sasa inatumika pia Marekani.

Sehemu za ubongo

Ubongo mkubwa una nusu mbili zilizounganishwa na fungu nene la nyuzi. Nusu ya kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na ya kulia huongoza wa kushoto, kwa kuwa nyuzi za mwendo hupishana zinapofika mwisho wa shina la ubongo. Kila nusu ina sehemu nne. Ya mbele hupanga, huamua, huzuia tabia isiyofaa na kutoa amri za mwendo. Ya juu hupokea hisia za mguso. Ya kando, karibu na sikio, hushughulika na usikivu na kumbukumbu. Ya nyuma huona: mtu aliyeumia hapo huweza kuwa kipofu ilhali macho yake ni mazima.

Mgawanyo huu wa kazi ulithibitishwa vitandani mwa wagonjwa. Mwaka 1861 mjini Paris, Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu aliyeishi miaka mingi akitamka karibu silabi moja tu, ingawa aliyaelewa maneno ya wenzake. Broca alikuta jeraha katika sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke aliwaeleza wagonjwa wa namna nyingine, waliosema kwa wepesi maneno yasiyo na maana na wasiyaelewe wanayoambiwa. Jeraha lao lilikuwa nyuma zaidi, sehemu ya kando. Tangu hapo tiba ya neva imesimama juu ya kanuni moja: dalili humwonyesha daktari mahali palipoumia.

Chini ya ubongo mkubwa, upande wa kisogo, pamekaa ubongo mdogo, unaolainisha mwendo na kulinda mizani. Ukiumia, mtu hupepesuka na mkono wake hukosea anachotaka kushika. Mbele yake kuna shina la ubongo, linaloongoza pumzi, mapigo ya moyo na hali ya kuwa macho. Jeraha dogo hapo linatosha kuua.

Jozi 12 za neva

Ubongo una jozi 12 za neva, karibu zote zikianzia kwenye ubongo wenyewe badala ya uti wa mgongo. Huhesabiwa kutoka mbele kwenda nyuma, kwa mpangilio uliotolewa na Samuel Soemmerring mwaka 1778.

Neva ya 1 ni ya harufu. Nyuzi zake hupenya matundu madogo ya mfupa ulio juu ya pua, hivyo anayeanguka na kugonga kichwa anaweza kutosikia harufu tena. Ya 2 ni ya kuona. Daktari akichungulia ndani ya jicho huona ncha yake, na ncha ikivimba, huenda shinikizo ndani ya fuvu limepanda. Neva za 3, 4 na 6 huzungusha jicho. Ya 3 pia huinua kope na kubana mboni. Majeruhi wa ajali ya pikipiki ambaye fahamu zinampotea huku mboni yake moja ikiwa imepanuka na haijibu mwanga, ubongo wake unakandamizwa, na anahitaji upasuaji bila kuchelewa.

Neva ya 5 hupokea hisia za uso na kuendesha misuli ya kutafuna. Ikisumbuliwa huleta maumivu makali ya sekunde chache shavuni au kwenye taya, na wapo wanaong'olewa meno mazima kwa sababu hiyo.

Neva ya 7 huendesha misuli ya uso, nayo inastahili maelezo marefu. Mtu anapoamka mdomo umepinda, jamaa husema amepigwa na upepo mbaya, na mara nyingine hupelekwa kwa mganga. Uchunguzi wa awali ni rahisi: aambiwe akunje paji la uso na afumbe macho. Misuli ya paji hupokea amri kutoka nusu zote mbili za ubongo. Kwa hiyo mwenye kiharusi kwa kawaida bado hukunja paji, ila mdomo ndio umelegea. Neva yenyewe ikiumia, upande mzima wa uso hulala, paji na kope pamoja. Hali hii ya pili hupona kwa wengi baada ya wiki au miezi, hasa dawa za steroidi zikianza ndani ya siku tatu, na jicho lisilofumba lazima lilindwe lisikauke. Kiharusi hakisubiri. Ila kwa kuwa shina la ubongo nalo huweza kupatwa na kiharusi, kila uso uliopinda ghafla ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Neva ya 8 ni ya usikivu na mizani. Streptomaisini, dawa ya zamani ya kifua kikuu, huweza kuharibu sikio la ndani na kuleta uziwi. Ya 9 na ya 10 husimamia koo, kumeza na sauti, na ya 10 huteremka hadi kwenye moyo, mapafu na utumbo. Ya 11 hugeuza shingo na kupandisha mabega. Ya 12 huendesha ulimi, ambao ukitolewa nje hupinda kuelekea upande wa neva iliyoumia.

Magonjwa makuu

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu, ambalo kwa wengi halina dalili yoyote. Watoto wenye selimundu nao hupatwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya CT kuthibitisha kuwa hakuna mshipa uliopasuka. Uso kupinda, mkono kulegea au maneno kutatanika ghafla ni amri ya kwenda hospitali.

Kifafa ni mlipuko wa umeme kwenye seli za ubongo. Kuna watu wapatao milioni 50 duniani wenye kifafa, na karibu asilimia 80 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Vyanzo vyake vingi huku kwetu vinazuilika: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria kali, minyoo ya tegu ya nguruwe na ajali. Huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawakuta wagonjwa waliotengwa kwa hofu kwamba ugonjwa huambukiza, na wenye makovu ya moto kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwagusa walipoanguka jikoni. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kuguswa. Anayeanguka asogezwe mbali na moto, alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, na degedege likizidi dakika tano apelekwe hospitali. Fenobabito, inayotumika tangu 1912, ni ya bei nafuu, na asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila degedege wakipata tiba sahihi.

Ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na James Parkinson mwaka 1817, hutokana na kufa kwa seli za dopamini ndani ya shina la ubongo. Mwendo hupungua, viungo hukakamaa na mikono hutetemeka. Ugonjwa wa konzo hupooza miguu ghafla na kwa kudumu pale familia zinapokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, jambo lililotokea Kongo, Msumbiji na Tanzania nyakati za njaa.

Mengi ya magonjwa haya yana kinga au tiba iliyo karibu: kipimo cha shinikizo la damu, uzazi salama, chandarua, choo, kofia ngumu na vidonge vya kila siku. Mgonjwa wa neva anayefikishwa hospitali mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kupona, na wajibu wa kumfikisha ni wa kila aliye karibu naye.