HAKI YA SOKO HAIDAIWI KWENYE FUTARI

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wafanyabiashara wa Ijara baada ya Swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na wote waliofuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo:



Leo sitazungumzia hukumu za swaumu, kwani masheikh wetu wametufundisha na wanaendelea kutufundisha. Nitazungumzia biashara zetu, na viongozi tuliowapa kura zetu. Huenda mtu akauliza: siasa na Ramadhan wapi na wapi? Subiri kidogo ndugu yangu, utaona.

FUTARI NA BARABARA

Ramadhan ikiingia, mheshimiwa hutukumbuka. Analeta tende, mchele na sukari. Ni jambo jema, Allah amlipe kheri. Tunampokea, tunamwombea dua, tunapiga naye picha. Kisha mfanyabiashara mmoja anamsogelea na kumnong'oneza: "Mheshimiwa, na ile barabara yetu?" Naye anajibu: "Nimesikia, inshallah." Gari linaondoka, vumbi linatua, na mvua ikinyesha lori la bidhaa linakwama pale pale lilipokwama mwaka jana.

Sasa hebu tutenganishe mambo mawili. Mfuko wa mchele ni sadaka yake. Barabara, soko la mifugo, maji na chanjo ya ng'ombe si sadaka ya mtu. Hizo ni haki, na zina pesa zake ndani ya bajeti. Sadaka hupokewa kwa shukrani, lakini haki hudaiwa na mwenyewe. Ukiidai haki kama mtu anayeomba sadaka, utapewa kiasi cha sadaka.

Tabia hii tumeirithi. Wazee wetu wa Kaskazini Mashariki waliishi chini ya sheria za hali ya hatari mpaka 1991. Kwao kumwendea mkubwa wa serikali kulikuwa kuinama na kuomba. Hatuwalaumu. Lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 1, inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa wenye mamlaka, kwa amani. Hali imebadilika, ila ulimi wetu bado ni ule wa zamani.

KUMWAMBIA KIONGOZI NI IBADA

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba dini ni nasaha, na miongoni mwa wanaostahiki nasaha hiyo akawataja viongozi wa Waislamu. Kumnasihi kiongozi si fitna wala si uadui.

Angalieni kisa cha Bi Khawla bint Thaalaba (R.A.). Mumewe alimdhulumu kwa tamko la kijahilia. Hakukaa nyumbani akanung'unika na majirani. Alikwenda mwenyewe kwa Mtume, akaeleza shida yake, akajadili, akarudia. Allah akasikia maneno yake kutoka juu ya mbingu saba, na Surat al-Mujadilah ikateremka kwa sababu yake. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar (R.A.), akiwa khalifa, alisimamishwa njiani na bibi huyu akiwa mzee, naye akasimama muda mrefu akimsikiliza. Hapa pana funzo kwa pande zote mbili: mwenye shida aende aseme, na mwenye cheo asimame asikilize.

JUA NANI ANASHIKA NINI

Kosa letu kubwa ni kumwambia kila kiongozi kila kitu. Tunamlilia mwakilishi wadi kuhusu barabara kuu, tunamlilia mbunge kuhusu choo cha soko. Mwishowe kila mmoja anasema "hiyo si yangu", na mara nyingine anasema kweli.

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Serikali ya kaunti inashika masoko, leseni za biashara, minada ya mifugo, machinjio, kuzuia magonjwa ya wanyama, barabara za kaunti na huduma za maji. Serikali ya kitaifa inashika usalama, barabara kuu na mambo ya benki. Kwa hivyo barabara ya Lamu, Ijara mpaka Garissa, ile iliyo chini ya mradi wa LAPSSET, ni ya kumfuata mbunge na seneta. Kibanda cha soko na ushuru wa ng'ombe ni vya gavana na Bunge la Kaunti. Na sisi wa Ijara tuna wadi nne, Hulugho, Sangailu, Ijara na Masalani. Maana yake tuna sauti nne katika bunge lile. Je, tumewahi kuziambia zote nne jambo moja kwa siku moja?

Kuhusu ushuru, shikeni hili. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni bila sheria. Kwa hivyo ukitozwa pesa, uliza kwa adabu: ni kwa sheria gani, na risiti iko wapi? Na kwa wale wanaopeleka ng'ombe pwani wakivuka kaunti hata kaunti, Kifungu cha 209 kinakataza kaunti kutumia uwezo wake wa kutoza kwa namna inayodhuru biashara baina ya kaunti au mwendo wa bidhaa nchini. Hilo ni jambo la kuandikia bungeni, si la kugombana na askari wa kizuizini.

JUA MSIMU WAKE

Mfugaji hapandishi dume wakati wowote tu, na mkulima wa kando ya Tana hapandi kiangazi. Bajeti nayo ina msimu wake. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya fedha hufika kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukienda Juni kuomba machinjio, umekwenda mnadani ng'ombe wameshauzwa.

Chukueni mfano wa homa ya Bonde la Ufa. Mwishoni mwa 2006 ugonjwa huu ulizuka Garissa, na Ijara ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Watu walikufa, mifugo ikafa. Serikali ikapiga marufuku kuhamisha na kuchinja wanyama, masoko yakafungwa. Hakuumia mfugaji peke yake. Aliumia mwenye bucha, mwenye lori, mama wa maziwa, mwenye hoteli, kuli wa mnadani, na mwenye duka aliyekuwa akikopesha akingoja siku ya soko. Kabla yake ugonjwa ulikuwa umekuja na mvua kubwa za 1997 na 1998. Yaani huja na mafuriko, na chanjo ipo, lakini inafaa kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia zizini umechelewa.

Basi ombi la mfanyabiashara mwerevu si "tusaidieni" baada ya soko kufungwa. Ombi lake linaandikwa mapema, mpango wa mwaka unapotayarishwa: tengeni pesa za chanjo kabla ya msimu wa mvua.

ANDIKA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Madai nayo ni vivyo hivyo. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an Tukufu, aya ya 282 ya Surat al-Baqarah, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ikiwa Allah ametuamrisha kuandika deni baina ya ndugu wawili, vipi deni la serikali kwa maelfu ya watu liachwe hewani?

Usiogope ukasema hujasoma. Sheria ya maombi kwa Bunge ya 2012 inakubali ombi lililoandikwa kwa mkono, na linaweza kuwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaweka kidole. Yanayotakiwa ni haya:

1. Lugha ya heshima. Matusi yanalifanya ombi litupwe.

2. Jambo lenyewe, kwa ufupi. Jambo moja lililo wazi lashinda kumi yaliyorundikwa.

3. Mlishawahi kupeleka wapi, na mlijibiwa nini. Semeni pia kama liko mahakamani au haliko.

4. Mnataka kitendeke nini hasa.

5. Majina, nambari za vitambulisho, na saini au alama za vidole.

La Bunge la Kitaifa hupelekwa kwa Karani wa Bunge. La kaunti, pelekeni kwa Karani wa Bunge la Kaunti, kwani Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki hiyo. Mpeni nakala mwakilishi wadi wenu. Na msiondoke bila nakala yenu kugongwa muhuri na kutiwa tarehe.

Kisha wekeni hesabu. Usiseme "tunapata hasara kubwa". Sema: lori hukwama siku kadha, mafuta hupanda kiasi kadha, ng'ombe kadha hurudi bila kuuzwa. Hesabu hiyo mnayo nyinyi; afisa aliyeko Garissa mjini hana. Andikeni madaftarini miezi mitatu tu, mtaona kiongozi anavyogeuza sauti.

ENDENI KAMA SOKO, MSIENDE KAMA UKOO

Ukoo ni neema ya kujuana, na Allah ametuambia ndivyo. Lakini ukienda kudai choo cha soko kwa jina la ukoo wako, ukoo wa pili utasimama kukupinga, na choo hakitajengwa. Shimo la barabarani halimuulizi dereva kabila lake. Kwa hivyo jiungeni kama watu wa soko: wenye maduka, wauza mifugo, wenye bodaboda, mafundi, na mama zetu wa maziwa na mboga. Na mama hao wasiitwe kupika chai ya mkutano tu. Wakae kwenye kamati, kwani wao ndio wanaoshinda juani sokoni kila siku.

Sheria imewawekea wafanyabiashara kiti. Kila kaunti inatakiwa kuwa na Jukwaa la Bajeti na Uchumi, gavana akiwa mwenyekiti, na ndani yake wawe na wawakilishi wa biashara, wanawake, walemavu, wazee na makundi ya dini. Ulizeni: kiti cha biashara amekalia nani, na Ijara amewahi kuileta habari?

Mkumbuke pia yaliyotokea 2015. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa mwezi wa Aprili, ambapo watu 148 waliuawa, Allah awarehemu wanaostahiki rehema yake na azipe subira familia zote, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa, zile tunazoziita hawala. Karo, dawa na mtaji wa maduka vilikwama. Viongozi wa eneo hili walilisemea jambo hilo, na mwezi wa Juni mwaka huo huo kampuni hizo zikaruhusiwa tena. Funzo ni kwamba mlango uliofungwa hufunguka watu wakisema pamoja. Na mwenye leseni na vitabu safi ni rahisi kumtetea.

WAKINYAMAZA

Ukipeleka ombi ukanyamaziwa, usikate tamaa wala usichome tairi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuuliza, kwa Kiswahili ukitaka: pesa za soko letu zimetengwa kiasi gani, na zimekwenda wapi? Afisa anatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Asipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman.

Na mahakama zipo. Aprili 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, iliyohusu ada na tozo, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alisema ushirikishwaji uwe wa kweli, na akataja mahali ambapo kaunti ingeweza kuwafikishia watu habari: makanisa, misikiti, mabaraza na redio. Mmesikia? Misikiti! Kiambu ni mbali na Ijara, lakini Katiba ni moja. Mswada wa Fedha wa kaunti yetu una haki ya kutangazwa hapa hapa baada ya swala, na sisi tuna haki ya kuuliza kwa nini hautangazwi.

TAHADHARI MBILI

Ya kwanza ni rushwa. Mtu atakuja aseme: "Mtoeni mheshimiwa kitu kidogo, mambo yataenda." Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Na yule mtumishi aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimepewa zawadi, Mtume alimkemea mbele ya watu: angekaa nyumbani kwa wazazi wake, ingemfuata zawadi hiyo? Usifunge mchana kutwa kisha jioni ufuturu kwa rushwa uliyolipia kibanda cha mwenzako.

Ya pili ni uongo. Msiandike majina ya maiti, wala msizidishe hesabu ya ng'ombe waliokufa. Ombi lenye saini ni ushahidi, na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa.

MWISHO

Vijana, nyinyi mmesoma. Kazi yenu mwezi huu ni hii: kaeni na wazee wa soko jioni tatu baada ya Tarawehe, muwasikilize, mkubaliane jambo moja, muandike karatasi moja, mkusanye saini. Idd ikipita, mpeleke. Na mheshimiwa akija na tende, mpokeeni kwa heshima, mfuturu pamoja naye, mmuombee dua. Kisha mmkabidhi nakala yake.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) azikubali funga zetu, abariki biashara zetu ziwe za halali, awape viongozi wetu hofu yake, na atujaalie ndimi zinazosema haki kwa hekima. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.