MLANGO WA GHALA NA KAUNTA: TUPAKE NINI?

(Maneno ya fundi wa chama kwenye mkutano wa wanachama. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shamba.)



Nimeombwa niseme kabla fedha hazijatoka. Masika yote mlango wa ghala ulivimba, haukuingia kwenye fremu, tukawa tunafunga mahindi ya watu kwa kamba. Sasa wengine wanataka vanishi, wengine rangi, na yuko ndugu mmoja anasema mawese yanatosha. Haya, tusikilizane.

Ubao hauachi kunywa, hata ukae ukutani miaka 20. Mvua ikija unanyonya unyevu wa hewa, unatanuka. Kiangazi unautoa, unasinyaa. Unatanuka kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno. Ndiyo maana mlango unakwama ubavuni. Hakuna cha kupaka kinachozuia jambo hili kabisa, kinalichelewesha tu. Muuzaji akikuapia kwamba kopo lake linazuia unyevu milele, mwachie kopo lake.

Mawese, na mafuta ya nazi vilevile, hayakauki. Yanabaki yananata, yanashika vumbi, mwisho yanachacha. Kwenye rafu za unga, hapana. Mafuta yanayokauka ni ya kitani, yale mafundi wanaita linsidi. Yanapendeza, lakini unyevu wa hewa yanauzuia kidogo tu. Tena yana hatari: tambara lililolowa linsidi, likikunjwa na kutupwa pembeni, laweza kupata joto lenyewe mpaka likawaka, bila kiberiti. Litandazwe nje likauke, au litiwe kwenye ndoo ya maji. Na ghala letu limejaa magunia, jamani.

Kaunta inamwagikiwa chai kila siku, kwa hiyo pale ni vanishi ya poliyurethani. Rafu nazo hivyohivyo, ila unga usirudi mpaka harufu iishe kabisa. Mlango ni wa paina, hauna urembo wa mninga wa kuonyesha watu, basi rangi ya mafuta inatosha.

Lakini hata tukinunua kopo la bei gani, tukipaka kama tulivyozoea ni kazi bure. Mlango ule umepakwa upande wa mbele tu, unaoonekana na wageni. Upande wa nyuma unakunywa, wa mbele haunywi, matokeo yake ubao unapinda. Na panaponywa kuliko pote ni kwenye vichwa vya mbao, yaani juu na chini ya mlango, ambako brashi haijafika tangu ujengwe. Kwa hiyo uvuliwe bawaba, ulazwe, upigwe randa ubavuni na msasa kote, halafu upakwe pande zote sita. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, umechanganywa na tapentaini; ukikauka, mikono miwili zaidi. Ubao uwe mkavu kwanza, maana ukipaka mbichi unafungia maji ndani na rangi itabanduka.

Lile bati linalovuja juu ya rafu lizibwe kabla ya yote. Hilo si la brashi.

Naomba mkutano ukubali lita 4 za rangi na lita 1 ya vanishi, kazi ifanyike mwezi wa nane. Wenye randa na watakaosaidia kupiga msasa waandike majina yao hapa chini.