Ncha Bapa: Ufundi wa Kufuta katika Ushairi wa Warumi

Mrumi wa karne ya kwanza KK aliyetaka kutunga shairi hakuanza na karatasi. Alichukua ubao uliopakwa nta pamoja na kalamu yenye ncha mbili, moja kali ya kuchorea herufi na nyingine bapa ya kusawazishia nta pale alipokosea. Horace (65–8 KK), katika mashairi yake ya kejeli, anamshauri mtunzi anayetaka kusomwa zaidi ya mara moja aigeuze kalamu hiyo kila mara. Makala hii inashikilia kwamba ushauri huo, ambao hutajwa kwa kupita tu, ndio moyo wa fikra za Warumi kuhusu utunzi. Kipimo chao cha ufundi kilikuwa kile ambacho mshairi alikubali kukifuta. Wengi wetu tulifundishwa Horace wa kanuni, yule anayetaka mchezo wa jukwaani uwe na maonyesho matano, si zaidi wala pungufu. Kanuni za namna hiyo zimezeeka, na sioni hasara kubwa. Kazi ya kulainisha mistari, kazi ya tupa na msasa, haijazeeka.

Ushahidi wa kwanza ni waraka wake kwa akina Piso, baba na wanawe wawili, wenye mistari 476, ambao vizazi vya baadaye viliuita Sanaa ya Ushairi. Humo Horace anataka andiko lifungiwe ndani hadi mwaka wa tisa, kwa kuwa lisilotolewa bado linafutika. Idadi hiyo si mzaha mtupu: kizazi kimoja kabla yake, mshairi Catullus alimsifu rafiki yake Cinna kwa kutumia miaka tisa juu ya shairi moja, na wote wawili walikuwa wanafuata nyayo za Callimachus, Mgiriki wa Alexandria aliyependa kazi fupi iliyonolewa. Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni Virgil. Inasimuliwa kwamba Georgics, shairi lake la kilimo lenye mistari 2,188, lilimchukua miaka saba. Ukigawanya, hupati hata mstari mmoja kwa siku. Wala si kwamba maneno yalimpiga chenga. Mwandishi wa maisha yake anaeleza kuwa asubuhi aliimlisha mistari mingi, kisha akashinda kutwa nzima akiipunguza hadi ibaki michache, akijifananisha na dubu jike anayemlamba mwanawe mpaka apate umbo. Kutunga kulimalizika asubuhi. Saa zilizobaki zilikuwa za ncha bapa.

Kuna atakayepinga kwamba huu ni ufundi wa wenye nafasi. Nani angeweza kukalia shairi miaka tisa bila kufa njaa? Hoja ina uzito: Horace mwenyewe, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, alipata shamba lake kwa ukarimu wa mfadhili wake Maecenas. Hata hivyo, utajiri peke yake haukuleta msasa. Lucilius, mtangulizi wake katika mashairi ya kejeli, alikuwa mtu wa mali, na ndiye Horace anayemcheka kwa kuimlisha mistari mia mbili kwa saa moja huku amesimama kwa mguu mmoja. Tena waraka ule unawaonya vijana wa ukoo mkubwa kwamba tajiri huzungukwa na wageni wa mezani wanaosifu kila kitu. Dhidi ya hao Horace anamweka marehemu Quintilius, mhakiki aliyekuambia rekebisha hapa na hapa. Ukidai umejaribu ukashindwa, alikuamuru ufute. Ukiutetea mstari mbovu hakusema neno tena, alikuachia ujipende peke yako. Mali ilimnunulia mtunzi muda, lakini pia ilimnunulia wasifiaji, na hao ndio waliomzuia kufuta.

Pingamizi la pili ni la kipaji: je, msasa mwingi hauui moto? Mshairi Statius, mwishoni mwa karne ya kwanza BK, alijigamba katika utangulizi wa mkusanyiko wake Silvae kwamba hakuna shairi humo lililomchukua zaidi ya siku mbili. Lakini katika utangulizi huohuo anajitetea kwa haraka hiyo, na utenzi wake mkuu, Thebaid, aliutumikia miaka kumi na miwili. Ovid ni mgumu zaidi. Seneca mzee anasimulia kwamba marafiki waliomba kufuta mistari yake mitatu, naye akaomba kulinda mitatu. Kila upande ulipoandika yake, ilikuwa ileile. Kisa hiki hakimwondoi Ovid katika fikra ninayoieleza. Alijua barabara ncha bapa ilipaswa kupita wapi, akaizuia kwa makusudi. Horace naye hakudharau kipaji. Alisema kipaji na juhudi vinahitajiana.

Virgil alipofariki mwaka 19 KK, baada ya miaka kumi na mmoja juu ya Aeneid, alitaka utenzi huo uchomwe kwa sababu haujapigwa msasa wa mwisho. Kaisari Augustus alikataa, akawaagiza Varius na Tucca, marafiki wa mshairi, wautoe bila kuongeza kitu. Mistari zaidi ya hamsini ilikuwa haijakamilika, na mpaka leo inachapishwa ikiwa nusunusu.