Mshahara wa Mwalimu ni Deni, si Sadaka

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wetu wafadhili, Morogoro

 

Tumepewa nafasi ya kueleza maendeleo ya miradi ya elimu. Majengo na madawati mtayasoma katika taarifa. Leo tunaomba tuseme juu ya mtu anayesimama mbele ya madawati hayo.

Msimu mmoja wa masika, mwalimu wa chekechea alitelemka kutoka kijiji kimoja cha milima ya Uluguru. Sehemu ya njia alitembea kwa miguu, maana gari lilikuwa limekwama kwenye matope. Alifika ofisini kwetu na mfuko wa plastiki, ndani yake mna daftari la mahudhurio ya watoto. Shule yake iliendeshwa na kamati ya wenyeji, ambayo hatutaitaja. Kwa miaka 3 mradi ulimlipa posho. Mradi ulipokwisha, kamati ilimwomba aendelee, ikaahidi kumlipa baada ya mavuno. Mavuno yakaja, yakapita. Alifundisha miezi 7 bila kupata hata shilingi, akila kwa deni la dukani. Tulimwuliza kwa nini hakuacha. Akatujibu, "Watoto walikuwa wananisubiri mlangoni. Ningewaambia nini?"

Alipodai haki yake, aliambiwa kwamba hakuwa mwajiriwa, alikuwa anajitolea. Mkataba wa maandishi hakuwa nao.

Wapendwa, neno hilo "kujitolea" tunalitumia sana katika sharika zetu. Tujue sheria inasemaje. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 inaangalia hali halisi ya kazi, si jina tu. Mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi ni kama saa 2 tu kwa siku ya shule. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Shauri likifika mbele na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wa mwajiri. Kumbe kutokuandika mkataba hakumkingi mwajiri.

Tulimwelekeza Mwalimu kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hapa Morogoro mjini. Huko madai ya namna hii hupelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Yeye alikwisha kuchelewa kwa kuamini ahadi, ikabidi aombe kuongezewa muda na kueleza sababu. Akakubaliwa. Kwanza huja usuluhishi, ambao sheria imeupa siku 30. Ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi, na asiyeridhika na uamuzi anazo wiki 6 za kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iupitie.

Kwa Mwalimu, usuluhishi ulitosha. Daftari lile lilionyesha siku kwa siku nani alikuwapo darasani na nani aliyeita majina. Kamati ilikubali kulipa kwa awamu, ikauza bati zilizonunuliwa kwa ajili ya chumba kipya. Lakini Mwalimu hakurudi kufundisha pale. Chumba hakikujengwa, na watoto walikaa muda mrefu bila mwalimu. Hivyo hata kwa ushindi ule hatukuwa na furaha.

Walimu wa serikali wana njia yao. Tangu marekebisho ya 2016, mtumishi wa umma hutakiwa kumaliza kwanza taratibu za utumishi wa umma kabla ya kwenda kwenye vyombo vya kazi. Tunakumbuka Oktoba 2008, Chama cha Walimu Tanzania kilipotaka kugoma kwa sababu ya malimbikizo ya madai ya walimu, Mahakama ikauzuia mgomo. Julai 2012 walimu waligoma kudai nyongeza ya mishahara na posho, na mwanzoni mwa Agosti Mahakama ikauhesabu mgomo kuwa batili kwa kutofuata taratibu. Fundisho ni kwamba mwenye madai ya kweli pia anahitaji kujua njia, muda na karatasi. Ndiyo maana tunataka wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wafike hadi vijijini.

Sheria ya Musa iliagiza kibarua alipwe ujira wake kabla jua halijatua, kwa kuwa maisha yake yanautegemea. Hatuwezi kuhubiri hivyo Jumapili, halafu Jumatatu mwalimu wetu akope unga.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Kwanza, kila usharika wenye chekechea uwape walimu wake mikataba ya maandishi, ukizingatia kima cha chini kilichotangazwa na Serikali. Pili, mishahara iingizwe kwenye bajeti kabla ya bati na rangi, na mhazini aisome mbele ya kamati kila mwezi. Tatu, kama fedha haipo, tumwambie mwalimu mapema na kwa heshima, naye aamue. Tusimfunge kwa ahadi za mavuno. Nne, ndugu zetu wafadhili, tunashukuru kwa majengo. Tunajua mishahara haina jiwe la msingi la kuzindua wala picha ya kutuma nyumbani. Lakini mnapopanga mradi wa miaka 3, tukae pamoja tangu mwaka wa kwanza tujiulize nani atamlipa mwalimu mwaka wa nne.

Mkirudi nyumbani, kabla ya kikao kijacho, kila kamati imwulize mwalimu wake swali moja: tunakudaiwa miezi mingapi? Jibu liandikwe kwenye muhtasari, pamoja na tarehe ya kulipa.