Karamu Ikisha, Jaa ni la Nani?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa jamaa zetu wanaoishi Uingereza)





 Nimetakiwa nizungumze juu ya taka. Najua kwamba baada ya biriani hii si mada ya kuchangamsha moyo. Lakini naona ni haki niizungumze mimi, maana aliyeitia jumuiya yetu hasarani ni mimi.

Wengi wenu mnaikumbuka Idi tuliyoifanya katika ukumbi wa kukodi. Nilikuwa msimamizi wa jiko. Tulikaanga sambusa, kachori na bajia tangu asubuhi, na usiku, kila mtu akiwa amechoka, niliyachukua mafuta yaliyobaki katika makarai mawili nikayamimina katika sinki, nikafuatisha maji ya moto, nikaamini kuwa kazi imekwisha. Siku ya tatu mwenye ukumbi alipiga simu: bomba limeziba na maji machafu yamerudi mpaka sakafuni. Huko nje, mifuko ya taka tuliyoirundika kando ya mapipa yaliyojaa ilikuwa imepasuliwa na mbweha, na mifupa imetapakaa hadi mlangoni kwa jirani.

Tulimlipa fundi, tukalipa na gharama za usafi. Kwa kuwa mfuko wa sherehe ulikuwa mtupu, fedha zilitolewa katika mfuko wa maziko. Mfuko ule wazee wetu waliuanzisha ili maiti wetu asicheleweshwe ugenini kwa kukosa gharama za kaburi. Nashukuru kwamba hatukufiwa na mtu katika miezi ile. Lakini mpaka senti ya mwisho iliporudishwa, kila simu iliyolia usiku ilinishtua.

Ndugu zangu, kosa langu lilitokana na kutojua. Mafuta yakiwa ya moto hutiririka kama maji, ila mabomba ya nchi hii yamo ardhini penye baridi, na humo mafuta huganda, yakashikamana na vitambaa vya majimaji vya kupangusia watoto, navyo pia havifai kutupwa chooni. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, London, liligunduliwa pande la mafuta ya namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na mafundi walitumia wiki nyingi kulivunja. Basi mafuta tuyaache yapoe, tuyachuje, tuyatumie tena; yakishachakaa tuyatie katika chupa yenye kifuniko, tuyapeleke kituo cha halmashauri kinachopokea mafuta ya kupikia.

Bibi yangu, aliyenilea Unguja, hakuwa na pipa la taka. Nazi iliyotoka sokoni haikupotea: tui likaingia mchuzini, kuku wakala machicha, kifuu kikawa kuni au kata ya maji, na makumbi yakafukiwa pwani yatoke kamba. Kanga ilianza kuwa vazi la kutokea, ikawa ya kulalia, ikawa ya kumbebea mtoto, na mwisho wake ikawa dekio. Sisemi kwamba bibi alikuwa mwanachuoni wa mazingira. Alikuwa hana cha kutupa. Na hicho kidogo alichokipeleka jaani kilioza kikawa udongo. Jaa letu sisi halina uwezo huo, na kwa hiyo inatupasa kutumia akili pale ambapo bibi alitumia mazoea.

Kwanza, sahani. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 sheria ya England imekataza kuwauzia wananchi sahani za plastiki za kutumiwa mara moja. Wapo wanaosema tuhamie za karatasi. Lakini karatasi iliyolowa mchuzi haifai tena kutengenezwa karatasi nyingine. Dawa tunayo wenyewe: sinia. Sinia moja hula watu wanne. Masinia ishirini hulisha watu themanini, na huoshwa kwa saa moja.

Pili, chakula kinachobaki. Mgeni wetu haondoki mikono mitupu, na hiyo ni mila njema. Ila kila nyumba na ije na bakuli lake lenye kifuniko, tuache kununua vyombo vya kutupa. Sinia za bati laini zilizookewa nyama zioshwe kabla ya kutiwa katika pipa la vitu vinavyorejelezwa.

Tatu, zawadi za watoto. Karatasi ya kufungia ikunjwe kwa kiganja: ikibaki imekunjana, aghalabu ni karatasi, ikifumuka yenyewe, ina plastiki ndani yake. Betri za vichezeo zisitiwe kabisa katika pipa la nyumbani, kwani zikipondwa ndani ya gari la taka huweza kuwaka moto. Maduka makubwa yanayoziuza huzipokea zilizokwisha, bila malipo.

La mwisho ni zito, nalo ni makontena tunayopeleka nyumbani. Nguo safi, baiskeli nzima, cherehani inayoshona: hizo ni baraka. Lakini mara ngapi tumesema, "Friji hii mbovu ipakieni tu, huko wako mafundi"? Ni kweli mafundi wako, na ni hodari kutushinda. Ila kifaa kisichofanya kazi ni taka, na sheria ya Uingereza inakataza kuzipeleka taka za umeme zenye vitu vya hatari katika nchi zetu. Televisheni za zamani zenye kisogo zina risasi katika vioo vyake. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Wenzetu wanasafisha nyumba, nasi tunawamwagia jaa mlangoni! Kila kifaa kichomekwe kwenye umeme kabla ya kupakiwa. Kisichowaka kibaki huku, kipelekwe kituo cha halmashauri.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo matatu: tununue masinia ya jumuiya, kila sherehe iwe na watu wawili wa kusimamia taka, ambao ndio watakaofunga mlango, na mfuko wa maziko usiguswe kamwe kwa gharama za karamu. Mimi najitolea kuwa wa kwanza kati ya hao wawili, Idi ijayo.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni ule utaratibu wa bibi zetu, wa kukitazama kitu mara mbili kabla ya kukitupa. Tusiuache ugenini.